Jina Atakaloliita Karani

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumatano, baada ya adhuhuri

Babu Liyanga,

Shikamoo babu. Natumai kifua kimekuachia, na ule ugoro bado unamficha bibi. Mimi Zena wako ni mzima wa mwili, moyo ndio haujatulia. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako unaiweka spika, Kambi nzima inasikiliza, na haya nataka uyasome peke yako kwanza.

Hapa Kariakoo maisha ni yale yale. Ofisi yangu bado ni kile chumba cha ghorofani, juu ya duka la ndoo na mabeseni la Mama Kimaro, yule Mchaga niliyewahi kukusimulia. Kutwa nzima nasikia wapagazi wakipiga kelele "Mzigo! Mzigo!", na mkokoteni mmoja ukikwama barabara nzima inasimama kutukanana. Wenzangu huniuliza kwa nini sihamii ofisi ya maana kule Posta. Huwajibu kwamba nina kesi moja kubwa, ikiisha nitahama. Mwaka wa tisa huu nasema hivyo. Mlichanga korosho zenu nikasome sheria ili niitetee Kambi, na sijapata hata siku moja ya kujiuliza ningekuwa nani kama si wakili wa Kambi. Silaumu, babu. Ila wiki hii imenielemea, na sina mwingine wa kumwambia.

Kesi unaijua. Mzungu wa mkonge ndiye aliyeijenga Kambi, akawapanga manamba wake kwenye zile nyumba za mstari, halafu mwenyewe akaondoka. Vibarua wakabaki, wakazaa na wakazikana hapo hapo. Sasa kampuni iliyonunua shamba inatuita wavamizi. Mdai wa kwanza, kwa niaba ya kaya zote, ni Liyanga, kwa kuwa ndiye aliyemwona Mzungu kwa macho yake akiwagawia wazee viwanja.

Jumatatu kampuni ilileta wakili mpya, kijana anayesoma karatasi kama mtu anayetafuta chawa. Akasimama na hati zetu mbili mkononi.

"Mheshimiwa, mzee huyu alipofungua kesi aliweka dole gumba, kwa maelezo kwamba hajui kuandika. Mwaka huu amesaini kwa kalamu, tena mwandiko mzuri. Sijui alianza shule lini, na miaka yake tisini."

Watu wakacheka. Hata karani alicheka.

Mimi hapo hapo niliona nilichokifanya. Liyanga aliyeweka dole alifariki mwaka wa nne sasa. Baada ya arobaini walikukalisha mkekani, wakakuvisha kanzu yake, unga ukamwagwa, watu wakatangaziwa kwamba Liyanga huyu hapa, hajaenda popote. Tangu siku ile wewe, mjomba wangu, nikaanza kukuita babu na kukutania kama babu, na mkeo akawa bibi yangu. Karatasi za mahakama zilipokuja nikakutumia, ukasaini Liyanga, na mimi wakili niliyeapishwa sikuona kasoro yoyote. Sheria inataka mdai akifa mahakama iambiwe, na mrithi aingizwe kwa jina lake mwenyewe. Naijua sheria hiyo hata usingizini. Ila sikumbuki kama niliwahi kuwaza kwamba Liyanga amekufa.

Jaji akavua miwani. "Wakili, mdai wako wa kwanza yuko hai au amefariki?"

Nikaomba muda. Akanipa siku mbili.

Nilivyorudi Mama Kimaro aliniona sura, ikabidi nimweleze.

"Sasa dada wakili, unajitesa nini?" akasema. "Sema ni yeye, kafundishwa kuandika na wajukuu. Kwani nani ana picha yake?"

"Nitakuwa naapa uongo, mama."

"Uongo wapi? Si umesema kwenu huyo ndo yeye?"

Nikisema yuko hai, nyumbani hakuna atakayeona nimesema uongo, lakini mahakama itaninyang'anya leseni na kuitupa kesi. Nikisema amekufa, nitakuwa nimemzika mara ya pili, safari hii bila hata ya sanda. Siku zote mbili nilizunguka na jambo hilo kama ng'ombe wa kinu.

Leo asubuhi nimesema amekufa. Sitakudanganya kwamba niliifikiria Kambi peke yake. Niliogopa leseni yangu, niliogopa na jela. Jaji akauliza, "Basi anayesaini ni nani?" Nikalitaja jina ulilopewa ulipozaliwa, Hamisi Mkwanda, jina ambalo sijamsikia mtu akilitamka tangu siku ya mkeka. Sauti ilitoka ndogo, jaji akaniambia nirudie. Nikarudia. Nimelia kwenye ngazi za mahakama, joho likiwa mkononi, watu wakinipita.

Kesi haijafutwa. Jaji anataka mrithi aje mwenyewe, asimame, aseme kwa kinywa chake kwamba yeye si Liyanga, ni mpwa aliyemrithi. Usipokuja kesi inafutwa, na trekta za kampuni hazitangoja vuli wala masika. Ukija, wazee wetu wanaohudhuria kila tarehe watakusikia ukilivua jina mbele ya wageni, na habari zitafika Kambi kabla yako. Nimetafuta njia ya tatu kwenye kila kitabu nilicho nacho. Haipo, na nina aibu kwamba mimi ndiye niliyekufungia zote mbili.

Nisalimie bibi, umwambie dawa ya miguu nimeipata. Msalimie dada yangu mwalimu na watoto wake. Mama yangu mweleze wewe mwenyewe, maana mimi sijui nitaanzia wapi. Nauli ya basi nimeitanguliza kwa kondakta anayekuletea bahasha hii. Tarehe ni Jumatatu ya wiki ijayo, saa tatu asubuhi.

Karani atatoka mlangoni, ataita Hamisi Mkwanda mara tatu. Mimi nitakuwa ndani, siruhusiwi kukuitikia wala kukushika mkono. Itika, mjomba.

Mpwa wako,
Zena