Ami Hamadi Ndiye Aliyekuosha

Baba,

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nimelifanya bila ya ruhusa yako, na kila nikikaa kwenye mswala linanirudia. Bora ulisikie kwangu mwenyewe.

Ulipokuwa wodini kule Edgbaston ulinishika mkono ukaniambia, "Nikifa, Hamadi asinioshe." Nikaitikia kwa kichwa. Ami Hamadi, mdogo wako wa tumbo moja, anakaa mitaa miwili tu kutoka kwetu hapa Winson Green, Birmingham. Miaka kumi na minane hamkupeana hata salamu, kwa sababu siku tuliyomzika mama yeye alikwenda kazini. Msikiti mmoja, yeye safu ya mbele, wewe ya nyuma. Wallahi mlikuwa na vichwa vigumu nyinyi!

Basi asubuhi ile ulipofariki, mtu wa mwanzo kufika nyumbani alikuwa Mzee Tuan, yule Mvietinamu mliyefanya kazi pamoja karakana ya Hockley. Kaja na mfuko wa machungwa. Hajui kutoa pole kwa desturi zetu, mimi sijui kupokea kwa desturi zao, tukaishia kumzungumza mwanamfalme.

Unakumbuka ulivyotuchosha na mwanamfalme huyo wa kwao, uliyehadithiwa na Mzee Tuan kazini? Jenerali wa zama za kale, aliyewarudisha Wamongolia makwao, na dunia nzima inawaogopa. Ukifika kwenye ule mto ulikuwa huwezi kukaa, lazima usimame katikati ya sebule: magogo yamechongwa, yamevishwa chuma nchani, yamechimbiwa chini ya mto, na maji yakijaa hayaonekani. Merikebu za adui zikaingia. "Kisha maji yakapwa, merikebu zikatobolewa!" unapiga mapaja, mama anacheka mpaka chai inamwagika. Wenzangu skuli walibandika wachezaji mpira ukutani. Mimi nilikuwa na jenerali niliyemchora mwenyewe, nikamvalisha kofia ya viua kama yako.

Mzee Tuan akaniuliza kama nakijua kipande cha baba yake huyo jenerali. Nikasema sikijui. "Nikifika hapo," akasema, "baba yako alikuwa anainuka kwenda kuchemsha chai."

Kumbe yule baba alidhulumiwa na ndugu yake mfalme, mpaka mke kanyang'anywa. Alipokuwa anakata roho akamwachia mwanawe wasia: autwae ufalme, amlipie kisasi, la sivyo yeye hatafumba macho. Mwana akaitikia. Halafu miaka ikapita, jeshi zima limo mkononi mwake, angeweza kuutwaa siku yoyote, na hakuutwaa. Alikwenda kumchukua binamu yake, mtoto wa mfalme huyohuyo, waliyekuwa hawapatani, na tena mtu mwenyewe hapendi kuoga! Akatia maji manukato, akamvua nguo, akamwosha mgongo kwa mikono yake. Wakacheka. Adui aliporudi akawakuta ndugu.

Nilibaki na chungwa mkononi. Baba, uliruka kipande!

Nikavaa viatu nikaenda kugonga kwa Ami Hamadi. Alifungua papo hapo. Alikuwa keshavaa kanzu, ameshika kofia, amesimama nyuma ya mlango hajui aende wapi. Nikamwambia, "Ami, twende ukamwoshe kaka yako." Akanitangulia njiani.

Pale msikitini, maji yalipoletwa, aliyajaribu kwa kiganja. "Ya baridi haya. Kaka hapendi baridi." Akanirudisha nikayapashe, na yalipokuja akanirudisha tena. Miaka yote hiyo unailalamikia baridi ya Birmingham, kumbe alikuwa anakusikia kutoka safu ya mbele. Akaanza upande wa kulia, taratibu, na kila kiungo anakuomba samahani. Mengine ya chumba kile hayatoki nje, unajua mwenyewe.

Nilikuhalifu, baba, nakiri. Lakini nani aliyenipendesha mtu aliyemhalifu baba yake? Ni wewe. Ungeweza kukaa kimya kabisa, au ukachagua shujaa mwengine. Hukuchagua mwengine. Nakustahi kwa hilo kuliko kwa kitu chochote ulichonifundisha, hata kama chai ilikuwa lazima ichemke.

Siku hizi Ami Hamadi anakuja kila Ijumaa baada ya sala, anakula na wanangu, wanamjibu kwa Kiingereza naye anawagombeza kwa Kiunguja. Wiki iliyopita tulikwenda pamoja kaburini kwako. Akakutilia maji ya marashi, akakung'uta mchanga mikononi, kisha akaniuliza bila ya kunitazama: "Kule hospitali, alinitaja?"

Nikamwambia, "Alikutaja, ami. Kwa jina lako." Akalia kama mtoto, na mimi sikusema uongo.

Neno lililofuata jina hilo nakuahidi nitakwenda nalo kaburini. Lala salama, na kama imekuuma, unipe radhi hivyo hivyo.

Mwanao,
Nassor