Uchina ya Kazungu

Jumatatu, 4 Machi 1996
Godauni la bandarini, Shimanzi. Tangu asubuhi nanakili namba za makasha. Shahada ya historia, kwa kazi hii.
Mchana nimebishana na Kazungu, karani anayehesabu mizigo. Ni rika la baba yangu. Aliishia darasa la saba. Anadai Uchina itakuja kuwa dola kuu duniani. Nikamwuliza amesoma kitabu gani. Wapakuzi wakacheka.
"Mimi nafungua makasha tu, Profesa," akasema. "Zamani chupa za chai za Uchina zilifika nusu zimevunjika. Sasa natafuta kasoro, sizioni. Anayejifunza namna hiyo, mwogope."
Nikamjibu kwamba dola haipimwi kwa chupa za chai. Wakacheka tena. Nilifurahi.

Jumatano, 6 Machi
Mdahalo wa chama chetu cha vijana ni Jumamosi, ukumbini Makadara. Mada: mustakabali wa Uchina. Tumepiga kura ya pande. Nimeangukia upande wa kuitetea. Mwamuzi ni mwalimu mkuu anayetafuta mwalimu wa historia. Nafasi hiyo naitaka mno.
Nimepekua vitabu vyangu vyote. Njaa, mapinduzi, wingi wa watu. Hoja ya kushinda sina.

Jumamosi, 9 Machi
Nimeshinda. Kwa chupa za chai.
Nilisema, "Katika uchunguzi wangu." Wangu! Makofi yalitikisa ukumbi. Mwalimu mkuu kanishika mkono: nianze kufundisha muhula ujao.
Kisha nikamwona Kazungu, safu ya nyuma, shati limepigwa pasi. Alikuwa akipiga makofi. Nikatokea mlango wa kando.

Jumapili, 10 Machi
Mama kapika biriani, kawapelekea majirani. Sahani yangu nimeirudisha jikoni ikiwa imejaa. Nilimfanya mtu kichekesho, kisha nikavaa akili yake kama kanzu ya kuazima.

Jumatatu, 11 Machi
Kabla ya kazi nimepita kwa mwalimu mkuu. Nimekiri: hoja si yangu, ni ya karani wa godauni. Akatabasamu. Hoja, alisema, ni ya anayejua kuipanga. Kazi bado ni yangu.
Nikamshukuru. Hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote: nilimshukuru.
Siku nzima nimemkwepa Kazungu.

Jumanne, 12 Machi
Nimemwendea mbele ya wapakuzi walewale. "Niwie radhi, Mzee Kazungu."
"Nilikusikia kule ukumbini," akasema. "Ulisema vyema. Ila bawaba uliziacha."
Akanivutia sanduku la bati kutoka Uchina. Zamani, akaeleza, bawaba zilipigwa misumari na kung'oka njiani. Hizi zina skrubu, nne kila moja, zote sawasawa. Akanifungulia na kunifungia kifuniko mara tatu, hadi nikaelewa. Hakuna aliyecheka. Nilikaa juu ya kasha, nikaandika kila neno.
Kazi ya ualimu nitaichukua. Sitajidanganya kwamba niliistahili.
Mwishowe nikamwuliza jina lake kamili. Miezi minane tumefanya kazi chini ya paa moja. Anaitwa Safari Kazungu Mwaro. Nimeliandika juu ya ukurasa, kisha hoja zake chini yake.