Mstari Nilioruka

Jumatano, 9 Julai 2025

Mgeni amefika mtaani kwetu Kagugu! Yusufu, Mhungari, kasilimu miaka saba iliyopita. Hajui Kiswahili wala Kifaransa. Tunaongea Kiesperanto, lugha ya kubuniwa, isiyo ya kabila lolote, ninayoipigia debe miaka ishirini. Kaja na kitabu changu cha haki za wazazi, nilichofasiri mwenyewe kwa Kiesperanto. Kimechakaa kwa kusomwa. Anasema mimi ndiye niliyemtia hamu ya kujifunza Kiarabu. Nikavimba kichwa, astaghfirullah.

Jaladani niliandika "kutoka Kiarabu". Uongo. Kiarabu naghani tu, maana nilichukua kwenye Kifaransa. Mke wangu Swafiya anajua.

Alhamisi, 10 Julai

Tukinywa chai, Yusufu kafungua ukurasa wa kumi na mbili. Nimeandika: mzazi akikutaka uache dini, usimtii. Nukta. Akauliza: na kukaa naye kwa wema kuko wapi? Kwenye Kiarabu kupo.

Kifaransa kiliruka mstari, nami nikauruka. Na aya yenyewe naijua kwa moyo! Naisomesha watoto! Haraka ya kuitwa mfasiri, basi.

Kisha akasema, taratibu: mama yake alimtaka arudi kanisani. Akasoma kitabu changu, akakata uhusiano naye miaka minne. Mama kafa mwezi wa tatu. Hakwenda kuzika.

Nikasema — mdomo huu! — mpiga chapa ndiye aliyeacha mstari.

Ijumaa, 11 Julai

Nimehutubia msikitini juu ya ukweli. Mimi! Swafiya kaniambia: Baba Shimwa, mwambie mgeni kweli. Nikamfokea. Kanipakulia isombe, kisamvu chetu. Nikaiacha sahanini. Naona aibu hata kumtazama.

Jumamosi, 12 Julai

Yusufu kang'ang'ania tumwone mpiga chapa. Kumgombeza? La. Kumsamehe!

Tuko mtaa wa Biryogo, dukani kwa mpiga chapa Johnson, aliyechapa kila herufi niliyompa, bila kuacha hata nukta. Yusufu kamshika mikono yote miwili, anaongea huku analia.

— Sheikh, huyu muzungu anasema nini? Nimemukosea nini?

Wote wawili wananitazama. Mkalimani ni mimi.

Nikasingizia mashine, eti sisikii. Nikatoa daftari hili, najifanya natafuta neno. Naandika, wanasubiri. Yusufu bado hajamwachia hata mkono mmoja.

— Kweli, kelele iko mingi, kasema Johnson. Ngoja nizime.

Kazima.