Dada Anisia, Wamechukua Damu ya Mama

Dada Anisia,

Nimechoka. Leo nimerudi kutoka kule ulikoolewa, kwenye mashamba ya miwa, miguu imevimba, nikaona nisipokueleza sasa sitakueleza tena.

Unajua mliugua malaria wiki ileile, wewe, shemeji Petro na mtoto wenu Beata. Wao wakapona. Wewe siku ya nne ukafa. Tulipokuzika kwetu Kilema, mlimani, Mama alimnyooshea kidole mama mkwe wako mbele ya watu wote: "Huyu ndiye amemla mwanangu." Yule mama alimfunga Beata mgongoni akashuka naye. Toka siku hiyo hakuna wa kwetu aliyekwenda kuwaona. Hata mimi, na njia naijua.

Mengine yamebadilika. Kahawa haina bei, Mama ameng'oa nusu ya mibuni akapanda nyanya. Mimi nimepanga chumba Njoro, huku mjini, nafanya kazi maabara, natoa watu damu. Mimi niliyekuwa nazimia ukichomwa na mwiba, ukaacha mguu wako unipepee!

Mwaka huu alikuja daktari mtafiti. Anatafuta kwa nini malaria ileile humlaza huyu na kumuua yule. Nikampeleka Kilema. Mama alikunja mkono wa gauni, lakini kabla sijamchoma akamuuliza daktari, "Damu yangu itakuambia nini?"

Daktari akamweleza taratibu. Kinga ya mwili tunairithi kwa wazazi kama tunavyorithi sura, na haifanani. Kuna mahali malaria imeua watu vizazi na vizazi, na waliobaki wakawarithisha watoto wao kinga inayoihimili. Huku juu mbu walikuwa wachache. Tena aliyekulia kwenye mbu mwili wake umeshaizoea malaria. Anayeshuka ukubwani, bado.

"Binti yangu alishuka ukubwani," Mama akasema. "Wenzake, wazaliwa wa huko chini, wakapona, yeye akafa."

"Inawezekana ndiyo sababu, mama. Siwezi kuapa."

Nilimtoa Mama damu. Nilipokuwa nafunga vichupa akaniambia kwa Kichagga nimpeleke kwa mama mkwe wako.

Ndiko tulikotoka leo. Mama mkwe wako amezeeka, haoni vizuri. Mama alisimama mlangoni, hata hodi hakupiga.

"Nilikusingizia mbele za watu," alisema.

"Nilisikia. Miaka yote hii bado nasikia."

Hakusema amesamehe. Alisogea tu kwenye benchi, Mama akakaa. Beata akaleta maji ya kunywa. Ana mdomo wako, dada. Akasema, "Shikamoo bibi," na Mama akamvuta akae kando yake.

Daktari anaitaka damu ya Beata pia, kwa kuwa ni nusu yetu, nusu yao. Nimemkatalia. Akikua ataamua mwenyewe.

Na mimi, Anisia? Mama aliamini uchawi. Mimi sikuamini hata siku moja, ila niliogopa kugombana naye, nikamwacha mtoto wako akue bila mama mdogo. Hilo hakuna maabara itakayonitetea.

Krismasi nitampandisha Beata Kilema, nimwonyeshe ulipolala. Shemeji amekubali. Nitamweleza ulivyokuwa, yote, hata hasira zako.

Lala, dada. Acha nami nilale.

Mdogo wako,
Felista