Baba Ndani ya Meli ya Barafu

Jumapili, jioni. Mvua imeunyeshea mtaa wetu wa Kyebando tangu asubuhi, ikakatika mchana, na sasa vyura wa mtaroni wamechachamaa. Umeme upo. Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi, ndiyo maana nimefungua blogu kabla hata ya kufuta tope kwenye viatu.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: naitwa Akello, nauza kava na chaja za simu sokoni Nakivubo, na tangu utotoni nina ugonjwa mmoja usiotibika, hadithi za anga. Roboti, sayari, meli za kwenda nyotani, viumbe wenye macho matatu, vyote nameza. Pale dukani wananiita Mama Anga. Pikipiki za umeme zimeanza kupita mlangoni kwetu bila kelele, na kila ikipita moja namgusa jirani yangu, Mkenya anayeuza mikoba, namwambia ona, tumefika. Yeye huniuliza tumefika wapi na foleni iko palepale.

Wiki hii nimekuwa nikijiuliza kwa nini viumbe wa sayari nyingine hushukia kwa Wazungu kila mara. Wangeshuka Nakivubo siku ya Jumatatu, naapa, hawajafungua mlango vizuri wangekuwa wameshazungukwa na vijana wa bodaboda, kila mmoja anawaita ssebo, yaani bwana, na mchana haujafika wameshauziwa soksi. Tungewamudu kabisa.

Lakini leo nataka kuandika habari za Baba.

Baba ni sajini mstaafu wa polisi, mtu wa Lira, kaskazini. Sisi watoto tulikulia kambi ya polisi, na kambini lugha ilikuwa Kiswahili kwa sababu kila nyumba ilikuwa na kwao na lugha yake. Huu ugonjwa wangu aliniambukiza yeye. Jumapili baada ya misa alikuwa ananishika mkono, tunakwenda kibandani.

Kibanda ni ukumbi wa video: mabati, mabenchi, televisheni moja juu ya meza. Filamu ni ya Kiingereza, lakini pembeni anakaa mtu mwenye maikrofoni, veejay, anaipunguza sauti ya filamu na kusema yeye. Anatafsiri, anaiga sauti za wote, anatia chumvi, anawatukana wabaya kwa niaba yetu. Wa kwetu alikuwa Veejay Mandazi. Ni Mganda, lakini sisi wa kambini alitutafsiria kwa Kiswahili, na rubani kwake ni lubani mpaka leo. Roboti wake wote waliongea kama sajini wa gwaride. Baba alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi.

Jina la Mandazi alilipata kwa sababu ya filamu moja tuliyoiita Meli ya Barafu. Watu wanakwenda mbali huko kuchimba barafu, maana kwao maji yamekwisha. Katikati ya safari fundi anatoka nje ya meli kutengeneza antena, kamba inakatika, naye anaelea gizani. Hapo filamu haina sauti hata kidogo, si muziki, si maneno. Veejay wetu hana cha kutafsiri, basi anatoa andazi mfukoni anakula. Watoto wengine walikuwa wanamcheka. Mimi nilikuwa nimeachama mbele ya zile nyota, na nadhani sijafumba mdomo tangu siku ile.

Mwaka huu presha ya macho imeyamaliza macho ya Baba.

Alikuja kukaa kwangu ili awe karibu na kliniki, Mama akabaki Lira na shamba. Siku daktari alipotuambia kwamba kilichokwenda hakitarudi, Baba alifika nyumbani akaniomba niitoe televisheni sebuleni, niiweke chumbani kwangu. "Hiyo kitu haina kazi na mimi tena," alisema, kwa upole, kana kwamba anarudisha kitu cha kuazima. Tangu hapo amekuwa anakaa karibu na redio ambayo hata haiwashi. Ukimletea chai anashukuru. Ukimuuliza anataka nini anasema hakuna. Ningefurahi angenigombeza hata kwa chumvi kuzidi mchuzini.

Niliogopa, sitaficha. Niliona baba yangu anaaga nyumba nzima huku amekaa kitini.

Basi nikajaribu kumrudishia filamu kwa akili zangu mwenyewe. Nikaweka moja kwenye kompyuta, nikakaa pembeni nimweleze. Ukitaka kuharibu filamu, mpe shabiki kama mimi aieleze. Nikamweleza kwa nini angani hakuna sauti. Nikamweleza mwanga wa nyota unavyochukua muda kutufikia, na maji yanavyoweza kuwepo chini ya barafu ya mwezi wa mbali. Maskini yeye alitaka tu kujua nani amempiga nani. Nilipogeuka alikuwa amelala. Siku ya pili aliniomba nizime.

Ijumaa mteja mmoja aliyekuja kununua chaja akaniambia Mandazi bado yupo, siku za Jumapili anatafsiri kwenye kibanda kimoja Namuwongo, karibu na reli. Tena anatafsiri kwa Kiswahili, kwa sababu benchi moja ni Wakongo, la pili Wakenya, la tatu watu wetu wa kaskazini. Nilipata namba yake nikampigia palepale nimesimama kati ya makava. Nikamwambia mimi ni mtoto wa nani, nikamwomba Meli ya Barafu. Akasema anayo, akauliza afande hajambo. Nikamwambia ukweli. Akasema nimlete.

Kumtoa Baba ilikuwa kazi. Kipofu aende sinema, watu watasema nini? Nikamwambia haendi sinema, anakwenda kumsalimia Mandazi. Hapo nilimpata, kwa sababu Baba hakatai salamu ya mtu. Akauliza kama shati lake la bluu limepigwa pasi.

Mandazi amekuwa mzee, kichwa cheupe, lakini alipotuona mlangoni aliacha maikrofoni akasimama wima kabisa.

"Jambo, afande."

Nikauona mgongo wa Baba ukinyooka. Tukapewa benchi la mbele, watu wakasogea bila kuombwa, na filamu ikaanza.

Sikilizeni, huyu mtu ni bingwa. Miaka yote nilimpenda Mandazi kwa vichekesho, leo nilimsikiliza kwa masikio ya Baba ndipo nikaelewa kazi anayoifanya. Hatafsiri maneno tu. Anakuambia nani ameingia, ameshika nini, amekaa vipi, anamchukia nani. "Lubani anacheka, lakini ni meno tu, moyoni ana kitu." Baba hakuuliza swali hata moja. Roboti alipokohoa tu, kabla hajasema lolote, Baba alicheka wa kwanza ukumbi mzima. Sikuwa nimekisikia kicheko hicho tangu alipokuja kwangu. Nilitamani nimkumbatie Mandazi na jenereta lake.

Nilikuwa nimesahau kitu kimoja.

Fundi akatoka nje ya meli. Kamba ikakatika. Sauti ikazimika. Na Mandazi, kama miaka ile ile, akaingiza mkono mfukoni, karatasi ikachakarika, akaanza kutafuna. Hakuwa na ubaya, ni mazoea. Ukumbi mzima ukanyamaza kutazama.

Baba akanigeukia. "Akello, umeme umekwisha?"

"Haujakwisha, Baba."

"Sasa mbona kimya?"

Jibu nilikuwa nalo, tena refu. Angani hakuna hewa, sauti haina pa kupita. Nikalimeza. Nikatazama skrini, nikasema nilichokiona.

"Fundi yuko nje. Kamba imekatika. Anaelea."

Sauti yangu ilisikika mpaka nyuma. Nilitegemea mtu aniambie ninyamaze, hakuna aliyesema kitu. Nikaendelea. Nikamwambia meli inazidi kuwa ndogo, fundi ananyoosha mkono haufiki, nyuma yake nyota zimejaa. Mandazi aliacha kutafuna. Maikrofoni alikuwa nayo mkononi, hakuinyanyua. Aliniachia.

"Anaogopa?" Baba akauliza.

"Haionekani, Baba. Kioo cha kofia yake ni cheusi."

"Anaogopa. Sema anaogopa."

Nikasema. "Anaogopa."

Baba akaitikia kwa kichwa taratibu. "Hata mimi," akasema.

Nimeitazama sehemu hiyo tangu nikiwa mtoto, najisifu kwamba naijua kuliko nyumba yangu, na sikuwahi hata mara moja kumfikiria yule fundi. Mimi nilikuwa natazama nyota. Yeye ametoka kufanya kazi yake, na sasa yuko gizani, kamba imekatika, na waliomo ndani hawamsikii. Kwa wiki nyingi baba yangu amekaa sebuleni kwangu hivyo hivyo, na mimi nikawa namsomesha habari za mwanga.

Kisha fundi mwenzake akatokea upande wa chini wa meli na kumdaka mguu. Sauti ikarudi, Mandazi akapaza yake na andazi bado mdomoni, "Amemukamata, amemukamata mutu wake," na benchi la Wakongo likasimama kushangilia. Baba alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu zake zote za polisi.

"Kamshika?"

"Kamshika, Baba."

"Asimwachie."

Nikamwambia hamwachii. Nalia hata sasa nikiandika, lakini ni kulia kuzuri.

Kurudi nyumbani Baba aliongea njia nzima. Eti Mandazi amezeeka, siku hizi anatafuna muda mrefu kuliko zamani. Eti roboti wa leo hana nidhamu. Eti mimi sauti ninayo, ila naongea upesi kama nauza chaja. Akauliza Jumapili ijayo kuna filamu gani, kisha akajifanya hakuuliza.

Tulipoingia ndani hakwenda kwenye kiti chake. Alipapasa ukuta mpaka kwenye ile meza tupu, akapitisha kiganja juu yake.

"Televisheni yangu iko wapi?"

Anajua vizuri iko wapi. Nimeirudisha sasa hivi, nimeichomeka, nimeiwasha. Chumba changu kina pengo pale ilipokuwa na sijawahi kupenda pengo kiasi hiki.

Naandika haya mbio mbio kwa sababu ananiita. Kuna kitu kimeanza, anasikia watu wananong'ona, anataka kujua ni akina nani. Nakwenda kukaa pembeni yake nimwambie. Safari hii nitaanza na nyuso, nyota zitasubiri.