Mkato wa Tatu

Baba yangu,

Shikamoo. Najua sitaisikia marahaba yako, lakini mkono umekataa kuanza barua kabla sijakuamkia.

Niko mjini, Utemini, kwa dada yako. Nilipomaliza darasa la saba Shangazi alinichukua kutoka Rungwa nimsaidie kuuza asali dukani. Ananilisha vizuri, amenishonea gauni, na kwa kuwa nina jina la bibi, mama yenu, ananiita mama. Ndiyo maana haya yananielemea.

Unaukumbuka ule mzinga? Nilikuwa na miaka kama tisa. Ulirina asali jioni, moshi umetanda, ukapapasa alama kwenye mfuniko: mikato miwili, alama yako. Asubuhi tuliporudi kuuziba vizuri, ulikwangua nta ukaonekana mkato wa tatu. Mzinga ulikuwa wa jirani yetu, Mzee Kitundu, na masega tulikuwa tumeshayakamua.

"Msituni nani kakuona?" Mama aliuliza.

"Tuseme wetu ndio umerinwa. Tungependa aliyerina anyamaze?"

"Sasa hilo swali gani, baba watoto?"

"Jibu unalo, hata mimi ninalo, na hatukulisoma kokote. Mungu aliyetupa amri ndiye aliyetupa na akili."

Ulikuwa katekista, nami nilizoea kukusikia Jumapili ukitaja moto wa milele. Siku ile hukuutaja kabisa. Ulibeba ndoo ya asali tukaenda kwake. Mzee Kitundu alicheka mpaka akakohoa.

"Katekista mwizi! Na shahidi umemleta?" Akaninyooshea kidole. Msimu mzima walikuita Mikato Mitatu.

Siku hizi, Baba, biashara imefunguliwa. Sukari tuliyokuwa tukiipangia foleni imejaa kila duka, na asali anauza anayetaka. Shangazi huchemsha sukari akaichanganya na asali. Nilimwuliza kwa sauti ndogo.

"Mama, siku hizi ruksa. Wote wanachanganya. Kwani ni sumu?"

Si sumu kweli. Nikarudi kuosha chupa.

Wiki iliyopita alikuja mzee wa Mandewa. Mkewe aliungua mguu kwa uji, akawa anatafuta asali safi ya kumpaka.

"Hii ya Rungwa kweli?"

"Mwulize huyu, kwao huko," Shangazi alisema. "Marehemu baba yake alikuwa mrina asali."

Mzee akanigeukia. Unajua nilivyo na aibu, mbele ya wageni sauti hunipotea. Safari hii sikuihitaji. Niliitikia kwa kichwa.

Siku mbili nilijitetea kwamba sikusema neno, kwa hiyo sikudanganya. Lakini kila utetezi uliishia kwenye swali lako: je, ungekuwa mguu wa Mama? Nilidhani dhamiri hupiga kelele. Yangu iliuliza tu, polepole, kila nilipokaa.

Basi nikachukua ile chupa ya mavuno yako ya mwisho, niliyokuja nayo kutoka nyumbani, nikatembea hadi Mandewa. Nikamwambia yule mzee kuwa aliyonunua ina sukari.

"Ulijua, na ukaitikia?"

"Ndiyo, babu."

"Kwa nini?"

Nilimnyooshea chupa. Aliipokea akaingia ndani, hakuniaga.

Shangazi nilimweleza mwenyewe. "Kwa hiyo umeenda kunitangaza Mandewa," alisema. Tangu hapo haniiti mama. Hajanifukuza pia. Leo asubuhi alibandika sufuria ya sukari akanipa mwiko. Nilimwambia nitaosha chupa, nitafagia, nitachota maji, ila kukoroga hiyo siwezi. Aliuchukua mwiko akakoroga mwenyewe, amenipa mgongo.

Nilifikiri mtu akishatenda haki moyo unakuwa mwepesi. Mimi nimechoka tu, Baba. Ikitokea tena nitarudi Mandewa, lakini nimechoka.

Ndipo nikakumbuka tuliporudi kutoka kwa Mzee Kitundu. Ulikaa kwenye kigoda na viatu miguuni, ndoo tupu mbele yako, mpaka Mama akakuletea maji. Nilidhani ni jua limekuchosha.

Pole, Baba. Siku ile sikukupa pole.

Mwanao,
shahidi wako.