Mlango wa Garvock

Malta, 9 Machi 1954

Baba mpendwa,

Pokea salamu za mwanao Fergus. Natumaini kifua chako kimepata nafuu na Mama ameanza kula, japo kidogo. Mimi ni mzima wa mwili, mengine tuyaache.

Barua ya Mama imenifikia. Anasema tangu msiba hujakanyaga kiwandani kwenu pa kuundia meli, kwa sababu ya maneno ya baa kwamba manowari yetu Garvock ilipogongwa mlango uliouunda wewe ulivuja, na ndicho kilichomuua kaka Lachlan. Watu hao hawana haya. Garvock iliposhushwa mtoni Clyde walishangilia na kulewa wiki nzima, leo wote wamekuwa mafundi wa milango.

Unakumbuka mlivyoijaribu ile milango ya kuzuia maji wakati meli inajengwa. Wewe ulikuwa upande mmoja na bomba la maji, Lachlan amefungiwa upande wa pili na taa yake. Ukigonga mara moja, unauliza kama panavuja. Akigonga mara tatu, pakavu. Huku baharini alitutambia kila siku: "Mzee wangu akifunga mlango, hata harufu ya chai haipiti." Tulimchoka.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito. Tulikuwa mazoezini, na meli nyingine ya kundi letu ikatugonga nyuma, kule alikokuwa Lachlan. Nilikimbilia mlangoni nikamkuta anauvuta kutoka upande wake, maji yamemfika kifuani. Nikanyoosha mkono nimtoe.

"Kaa hukohuko, Fergus," akaniambia, akafunga.

Nyuma yangu kulikuwa na chumba cha injini kilichojaa watu. Ningefungua, tungezama sote. Nilisimama pale na mkono kwenye komeo, namchukia kila mtu aliyekuwa hai nyuma yangu.

Linalofuata sijamwambia yeyote, hata nahodha. Lachlan aligonga. Mara moja.

Nilipapasa ukingo wa mlango kwa kiganja, kuanzia juu hadi chini. Palikuwa pakavu, Baba. Nikagonga mara tatu, huku nalia. Akauliza tena, nikamjibu tena. Tuliendelea hivyo mpaka akaacha kuuliza.

Mama usimwambie habari ya kugonga. Lakini wewe chukua nyundo yako urudi kazini. Mlango wako haukuvuja, na Lachlan alikufa akilijua hilo.

Nisalimie Mama, umwambie nakula vizuri.

Mwanao akupendaye,
Fergus